Kitie Mfukoni, Harlan

Droo ilipolia tak, Norris Pottle alikuwa anageuza mayai. Hakugeuka kuitazama. Alizima jiko, akaketi, akaweka viganja vyote viwili juu ya meza, akangoja moyo utulie. Ilikuwa saa moja asubuhi, jua limeshatoka, redio inasoma hali ya hewa ya ghuba, na nyumbani hamna mtu mwingine tangu mkewe Leona afariki.

Sasa msije mkaniletea habari za mizimu. Kilichokuwa ndani ya droo ni kisu cha kufyatuka, kile unachobonyeza kitufe na wembe unajitokeza wenyewe, na springi yake imezeeka. Baridi ikiingia, chuma kinasinyaa, kifungio kinateleza, kisu kinafunguka. Norris aliyajua hayo yote. Alikuwa amekifunga kwa mpira wa kufungia barua, mpira ukakatika. Akakivingirisha kwenye soksi nene ya sufu, kikaitoboa soksi. Miaka thelathini na miwili kisu kile kilikuwa kinafunguka kinapotaka, na kila kilipofunguka Norris alisikia ni Harlan Beal anamwita.

Asubuhi hiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ilikuwa Jumatano, na Jumamosi Geneva Beal, mjane wa Harlan, alikuwa anahamia Bangor kwa binti yake. Nyumba imeshauzwa. Norris alikuwa na siku tatu za kusema neno alilolimeza tangu mwaka 1979, na zikipita hizo, basi tena, atakwenda nalo kaburini.

Huyu Norris si mtu mbaya, nawaambia mapema. Alifanya kazi ya forodha kwenye daraja letu miaka ishirini na sita, upande wa Maine, na ng'ambo ya mto ni New Brunswick, Kanada. Daraja lenyewe ni fupi. Ukipiga chafya katikati, nchi mbili zinakuombea afya. Watu wa huku wana shangazi ng'ambo, wana meno yaliyong'olewa ng'ambo, wanavuka kwenda kununua siagi na kurudi kabla birika halijachemka. Norris alizijua gari kwa mlio. Alikuwa akiuliza, "Umebeba nini leo?" mtu anamjibu, "Njaa tu," naye anampungia mkono apite.

Tabia hiyo ndiyo iliyomponza. Septemba ya mwaka ule msimamizi wake, bwana mmoja mrefu aitwaye Carroll Strout, alimwandikia barua ya onyo: unapitisha majirani bila kukagua, ikitokea tena tutazungumza lugha nyingine. Norris aliisoma barua ile mara nne, akaikunja, akaitia kwenye pochi pamoja na picha ya Leona. Tangu siku hiyo alikagua hata mifuko ya mikate. Watu wakamcheka, wakamuuliza kama anatafuta dhahabu kwenye vitumbua.

Na Harlan Beal alikuwa rafiki yake wa dawati moja tangu darasa la kwanza. Mvuvi wa kambakoche, boti yake mwenyewe, mitego yake mwenyewe. Mwaka 1974 winchi ya kuvutia mitego ilikamata mkanda wa ala ya kisu kiunoni mwake, ikamvuta, na mkono wake wa kushoto ukaishia humo. Aliporudi baharini aliapa hatavaa tena ala kiunoni. Alikuwa na kisu kilichochomekwa karibu na usukani, kama boti zote, na kisu kingine kidogo cha kukunja mfukoni, chenye mpini wa mti. Hiki cha mfukoni alikuwa akikifungua kwa meno. Anauma mpini, anavuta wembe kwa ukucha wa dole gumba, halafu anakigeuza mkononi. Mpini wote ulikuwa na alama za meno. Geneva alikuwa akimtania kwamba ameolewa na mbwa anayetafuna fanicha.

Ijumaa moja ya Oktoba 1979, mwezi mmoja baada ya ile barua, saa nne asubuhi, gari la Harlan likaja kutoka ng'ambo. Strout alikuwa amekuja ukaguzi siku hiyo, amesimama kibandani nyuma ya Norris na kikombe cha kahawa.

"Umebeba nini leo?" Norris akauliza.

"Viazi vya shangazi na uchovu wangu mwenyewe," Harlan akasema. "Lakini ngoja nikuonyeshe kitu." Akafungua kopo lake la chakula lililokuwa kiti cha pili, akatoa kitu kutoka ubavuni mwa mkate, akanyoosha mkono nje ya dirisha. "Binamu yangu Ansel yule baharia kaniletea toka Italia. Tazama, Norris. Mkono mmoja tu."

Tak. Wembe ukatoka. Harlan alikuwa anacheka kama mtu aliyerudishiwa mkono wake.

Visu vile haviingii nchini mwetu. Sheria ni ya tangu mwaka 1958, wakati wakubwa walipoogopa vijana wa mijini. Lakini sheria hiyohiyo imeacha tundu moja, na kila mtu wa forodha analijua kwa sababu hulicheka wanapofundishwa: mtu mwenye mkono mmoja anaweza kuvuka nacho, mradi wembe usizidi inchi tatu na kisu kiwe mwilini mwake. Norris alichukua rula akapima. Inchi mbili na robo tatu. Mkono ulikuwa mmoja, hilo halihitaji rula. Lililobaki ni lile la mwilini.

"Kilikuwa kwenye kopo," Norris akasema.

"Ndiyo, na mkate wangu. Kwani vipi?"

"Kanuni inataka kiwe mwilini mwako."

Harlan akamtolea macho, halafu akacheka tena. "Basi nakitia mfukoni sasa hivi. Nipe. Yameisha."

Norris alisikia kikombe cha Strout kinawekwa juu ya meza nyuma yake. Alisikia pia karatasi ile ya onyo kwenye pochi, ingawa karatasi hailii.

"Umechelewa," akasema. "Nimeshakiona."

"Norris, ni mimi huyu."

"Usinitie matatani, bwana. Andika barua ya maombi, ambatisha cheti cha daktari kwamba una mkono mmoja, watakurudishia."

Harlan akautazama mkono wake wa shati uliokuwa umekunjwa na kubanwa kwa pini. "Cheti," akasema. "Kwani huu hauuoni? Unadhani nimeuficha kwenye viazi?" Norris alikuwa ameshainamia daftari, anaandika namba. Harlan akasema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma Norris maisha yake yote: "Haya, ndugu yangu. Kazi ni kazi." Akawasha gari.

Lilipofika kwenye taa za barabarani upande wa mjini na kusimama, Strout akageuka. Kumbe muda wote alikuwa amempa Norris mgongo.

"Mbona hukumwambia akitie mfukoni?" akauliza.

Norris akabaki na kalamu mkononi.

"Nimegeukia dirishani makusudi," Strout akasema. "Nimeitazama ile bendera mpaka macho yananiuma. Nilifikiri unahitaji dakika moja tu. Mkimbilie, taa bado nyekundu."

"Nimeshaandika namba," Norris akasema.

Ndiyo maradhi ya watu wa forodha hayo. Daftari lile lina kurasa zenye namba, linaandikwa kwa wino, na mstari ukishaandikwa haufutwi. Ukifutwa lazima ueleze pembeni, uweke sahihi, na msimamizi aweke yake. Msimamizi alikuwa amesimama palepale na kalamu kwenye mfuko wa shati. Lakini Norris alikuwa na miaka kumi na mitano ya daftari safi lisilo na mstari uliofutwa, na alijivunia usafi huo, aliuringia kabisa. Akautazama wino, ukakauka. Taa ikawa ya kijani.

Siku kumi na saba baadaye boti ya Harlan ilionekana inazunguka duara ghubani, injini inanguruma, hamna mtu. Walipoivuta kamba ya mitego yake, Harlan alikuja nayo. Kitanzi kilikuwa kimeshika kifundo cha mguu, kikamburuta mpaka nyuma ya boti, kikamtosa. Kisu cha usukani kilikuwa mahali pake, hatua sita mbali naye. Na kile kidogo cha mpini wa mti kilikuwa bado mdomoni mwake, amekiuma, kimefunguka nusu.

Aliyemvuta ndiye aliyemsimulia Norris, kwenye duka la rangi, mbele za watu. Norris alinunua kopo la rangi nyeupe ambalo hakulihitaji, akatoka.

Siku ya tisa baada ya maziko ikaja barua kutoka makao makuu: maombi aliyoyaandika Harlan yamekubaliwa, mwenye kisu arudishiwe. Norris aliifaili. Mei iliyofuata ilikuwa zamu yake kuharibu vitu vilivyokamatwa. Waliviweka juu ya fuawe nyuma ya ofisi, yeye na nyundo, mwenzake na orodha. Alivunja visu sita. Cha saba alikitia mfukoni, mwenzake akiwa anawasha sigara, kisha akapiga nyundo juu ya fuawe tupu ili mlio usikike, akaweka sahihi kwamba kimeharibiwa. Njiani kurudi nyumbani, mkono mfukoni, ndipo alipofahamu alichokifanya. Kukitia mfukoni. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi hivyo. Na yeye ana mikono miwili, sheria haimruhusu hata kukigusa.

Sasa sikilizeni lililo baya zaidi. Harlan alipofika nyumbani siku ile ya Oktoba alimwambia mkewe kwamba aliyemnyang'anya ni mkubwa wao, Strout, na kwamba Norris maskini alisimama tu hana la kufanya. Kwa nini alisema uongo ule, mimi sijui. Labda aliujua ulimi wa Geneva, na kwamba Jumapili kanisani wanakaa benchi moja na akina Pottle. Labda alimwonea Norris haya. Hata Norris aliugundua kwa kuambiwa na Geneva mwenyewe, siku ya maziko, amemshika mkono: "Shemeji, angalau wewe ulikuwepo. Alisema ulitazama kwa huruma." Norris akafungua mdomo. Akaufunga.

Basi Geneva akamchukia Strout. Alimchukia kwa moyo wake wote, waziwazi, kama watu wanavyochukia hapa kwetu, bila kupandisha sauti. Kwenye karamu ya kanisa Strout alimnyooshea mkono, Geneva akamwekea kwenye kiganja sahani chafu. Strout hakuuliza, alikwenda kuiosha. Alipokufa, mwaka 1991, Geneva alisema, "Afadhali," na Norris alikuwa amesimama kando yake na pai ya matunda ya blubiri mikononi, akasema pai ipoe kwanza. Hayo tu ndiyo aliyoyasema. Strout naye hakuwahi kumtaja Norris kwa mtu yeyote.

Badala ya kusema, Norris akapeleka maharage. Kila Jumamosi, kama ilivyo desturi, anaoka chungu kizima tangu asubuhi, na mafuta ya nguruwe na asali nyeusi ya miwa, na jioni anampelekea Geneva nusu, na mkate wa kahawia. Aliondoa theluji mlangoni mwake. Alibadilisha vigae vya paa. Leona alimuuliza mara moja tu, "Una deni gani na yule mwanamke?" Norris akasema ni ujirani. Leona hakurudia kuuliza, lakini tangu hapo alikuwa akimtazama akifunga vyungu, na macho yale Norris anayaona mpaka leo.

Jumatano ile, basi, hakula mayai. Alifungua droo. Kisu kilikuwa wazi, wembe umeelekea kwake. Akakikunja, akakitia mfukoni mwa koti, akatembea nyumba tatu mpaka kwa Geneva. Mfukoni kilifunguka tena, kikamchana kidogo kwenye nyonga, hakusimama.

Geneva alikuwa anafunga vikombe kwa magazeti. Miaka sabini na minane, mdogo wa umbo, mgongo umenyooka.

"Leo siyo Jumamosi, shemeji," akasema. "Au umeshaanza kuchanganyikiwa?"

"Nina jambo."

"Kaa basi. Kiti kimebaki kimoja, nitasimama mimi, nikikaa sitainuka."

Norris hakukaa. Alikiweka kisu mezani, katikati ya magazeti. Geneva alikitazama. Hakuwahi kukiona, lakini alikuwa amesimuliwa mpini wake wa pembe nyeusi na misumari miwili ya shaba, kwa furaha, na mtu ambaye hakuja nacho nyumbani.

"Umekipata wapi?"

"Ni mimi niliyekichukua. Siyo Strout. Strout aligeuka makusudi ili nimwambie Harlan akitie mfukoni. Harlan mwenyewe aliniomba akitie mfukoni. Nikakataa. Nilikuwa nimeshaandika namba kwenye daftari."

Alisema yote kwa mkupuo mmoja, akiutazama ukuta. Halafu akaongeza habari ya ile barua ya makao makuu, na ya nyundo, na ya fuawe tupu. Alipomaliza, kikombe alichoshika Geneva kilikuwa kimevingirishwa magazeti mengi mno, kimekuwa kama kichwa cha kabichi.

"Nilimpa Strout sahani chafu," akasema.

"Ndiyo."

"Ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Nikasema afadhali amekufa. Na wewe ukaniambia habari za pai."

Norris alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa amejiandaa kwa kofi, kwa matusi, kwa machozi. Geneva aliingia chumbani akarudi na kopo la vifungo vya nguo. Akachakura, akatoa kisu kidogo cha mpini wa mti, mweusi kwa chumvi, akakifunga vizuri, akakisogeza mezani mbele yake.

"Weka mkono wa kushoto nyuma," akasema.

"Geneva."

"Uweke nyuma, Norris. Halafu ukifungue. Mimi nitahesabu."

Akauweka nyuma. Akakichukua kisu kwa mkono wa kulia, akakileta mdomoni. Meno yake ya juu ni ya bandia, lakini ya chini ni yake, na yalipouma mti yaliingia kwenye vishimo vilivyokuwepo tayari, yakakaa. Alisikia ladha ya chumvi. Pengine hakukuwa na chumvi, baada ya miaka yote ile, lakini aliisikia.

"Moja," Geneva akasema. "Mbili. Tatu."

Ukucha ukateleza. Akautafuta tena mtaro wa wembe. Bawaba ilikuwa imeshika kutu. Mate yakamtoka, yakatiririka kidevuni, na mkono wa nyuma ukataka kuja mbele wenyewe akaubana kwenye mkanda wa suruali. Geneva alihesabu bila haraka, sauti ileile aliyokuwa akihesabia vikombe. Tisa. Kumi. Saa ya ukutani ilikuwa imeshafungwa kwenye sanduku, hamna mlio mwingine chumbani. Kumi na tano. Wembe ukasogea nusu ukakwama hapohapo, nusu, na Norris akafahamu ulipokwama, akaanza kulia na kisu mdomoni.

"Kumi na tisa," Geneva akasema, akanyamaza.

Akakichukua kisu cha Italia. Akaweka mkono wake wa kushoto nyuma ya mgongo. Akabonyeza.

Tak.

"Moja," akasema.

Alikikunja kwa kukibana na nyonga, taratibu, kama aliyekuwa amekizoea siku nyingi. Akakitia kwenye mfuko wa aproni.

"Hiki ni changu," akasema. "Hicho nenda nacho. Na Jumamosi usilete kitu. Mwanangu Rowena anakuja kunichukua saa tatu asubuhi, sitaki kukuona barabarani."

Norris alitaka kusema samahani, lakini kisu kilikuwa bado mdomoni, na alipokitoa Geneva alikuwa ameshachukua kikombe kingine na gazeti jingine, amempa mgongo. Akaenda.

Geneva aliondoka Jumamosi, na Norris alikaa ndani mpaka gari lilipovuka kona. Kabla ya hapo, Ijumaa, watu walimwona Geneva makaburini, upande wa akina Strout, ameinama. Aliacha sahani moja nyeupe juu ya jiwe, safi kabisa. Mlinzi wa makaburi alikuja dukani mjini kuuliza ni ya nani, hakuna aliyemjibu, na Norris alikuwa palepale anasikia.

Kisu cha mpini wa mti kiko kwenye droo ileile. Hakina springi, hakiwezi kufunguka chenyewe hata baridi iwe kali vipi. Asubuhi Norris anavunja mayai mawili, anasimama mbele ya jiko na mwiko mkononi, anasikiliza. Droo haisemi kitu. Basi anajikuta anahesabu, kwa sauti, akiwa peke yake, na akifika kumi na tisa mayai yanakuwa yameshaungua.